Chuma cha Kikombe Kinachonyumbuka: Kuchagua Malighafi ya Gia ya Wimbi

Gia karibu zote zinazopita mikononi mwa mafundi wetu, kuanzia za lori hadi za mashine ya kusaga nafaka, zimeundwa kwa sharti kwamba chuma chake kisipinde kwa kiasi cha kuonekana. Gia ya wimbi imeundwa kwa sharti lililo kinyume kabisa. Ndani yake mna kikombe cha chuma chenye ukuta mwembamba, na kikombe hicho kisiponyumbuka, gia haifanyi kazi. Mmarekani Clarence Walton Musser aliomba hataza ya wazo hilo mwaka 1955 na akapewa mwaka 1959. Miaka kumi na kidogo baadaye gia ya aina hiyo, yenye uwiano wa 80 kwa 1, ilikuwa katika kila gurudumu la gari walilolitumia wanaanga wa Apollo 15, 16 na 17 juu ya mwezi, mwaka 1971 na 1972. Leo gia hizi zimejaa katika viungo vya mikono ya roboti viwandani.

Muundo wake una sehemu tatu. Kuna pete nene, ngumu, yenye meno upande wa ndani. Kuna kikombe, ambacho mdomo wake una meno upande wa nje, pungufu kwa mawili kuliko ya pete. Kisha kuna kizalisha wimbi, yaani gurudumu la umbo la duaradufu lililovishwa beringi nyembamba, ambalo huingizwa ndani ya mdomo wa kikombe na kuulazimisha nao uwe duaradufu. Meno ya kikombe hukutana na ya pete katika ncha mbili tu za duaradufu hiyo, na kizalisha wimbi kikimaliza mzunguko mmoja, kikombe huwa kimerudi nyuma kwa meno mawili. Kikombe chenye meno 200 ndani ya pete yenye meno 202 hupunguza mwendo kwa 100 kwa 1, katika nafasi ambayo gia za kawaida zingehitaji hatua mbili au tatu.

Gharama ya muujiza huo inalipwa na chuma cha kikombe. Katika kila mzunguko wa kizalisha wimbi, kila nukta ya mdomo husukumwa nje mara mbili na kurudishwa ndani mara mbili. Mota ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, nukta hiyo hunyumbuka mara 6,000 kwa dakika, sawa na mara 360,000 kwa saa, na kabla ya saa 28 kutimia imekwisha kunyumbuka mara milioni 10. Springi ya lori inayopita barabara mbovu kila siku haifikii idadi hiyo kwa muda mfupi namna hiyo.

Swali la kwanza la mtu anayetaka kutengeneza kikombe hicho huwa ni hili: atumie chuma gani laini, ili kinyumbuke bila shida? Swali hilo limebeba kosa ndani yake, nami nimeliona likiharibu vipande vingi vya chuma kizuri na siku nyingi za kazi, kwa hiyo ni lazima liondolewe njiani kabla ya jambo jingine lolote.

Ulaini ni jambo moja na kunyumbuka ni jingine. Chukua vipande viwili vya bamba vyenye unene uleule wa milimita 0.65 na upana uleule wa milimita 12.5, kimoja kikiwa cha chuma laini cha kawaida na cha pili cha chuma cha springi kilichokwisha kukazwa kwa moto. Kibane kila kimoja kwenye jiliwa kikichomoza milimita 150, kisha uning'inize gramu 100 kwenye ncha yake. Vyote viwili vitashuka kwa karibu milimita 19, na hutaweza kuvitofautisha kwa jicho wala kwa rula. Sasa ongeza uzito hadi gramu 300, halafu uuondoe. Kipande cha springi kitarudi mahali pake kikiwa kimenyooka, na kile cha chuma laini kitabaki kimeinama.

Kinachopima wepesi wa chuma kunyumbuka ni moduli ya Young, nayo kwa chuma cha aina zote tutakazozijadili hapa iko kati ya gigapaskali 190 na 210. Kuongeza kaboni, kutia nikeli, kukizamisha kwenye mafuta kikiwa chekundu, yote hayo huigusa kidogo sana namba hiyo. Kinachobadilika ni mahali ambapo chuma hukataa kurudi kilikotoka, na idadi ya mara ambazo kitakubali kurudi kabla hakijapasuka. Anayechagua chuma laini, kwa hiyo, hapati kikombe kinachonyumbuka kirahisi zaidi, bali anapata kikombe kinachodai nguvu ileile ya kukinyumbua na ambacho huchoka mapema.

Kunyumbuka kirahisi kunatokana na umbo. Ukuta wa mdomo ukigeuzwa kutoka duara kuwa duaradufu, mkazo (yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, ambayo hupimwa kwa megapaskali, na megapaskali 1,000 ni gigapaskali moja) unaozaliwa katika ngozi yake unakadiriwa kwa kuzidisha moja na nusu kwa moduli ya Young, kwa unene wa ukuta, na kwa umbali ambao ncha ya duaradufu inatoka nje ya duara la awali, kisha kugawanya kwa nusu-kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa kikombe cha kipenyo cha milimita 60, chenye meno 100 na ukuta wa milimita 0.6, ambacho ncha zake zinasukumwa nje kwa milimita 0.6, jibu ni karibu megapaskali 124. Kikombe cha kipenyo hicho hicho chenye meno 200 hulazimika kutoka nje kwa milimita 0.3 tu, na mkazo wake ni nusu, yaani karibu 62. Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo ambalo huwashangaza wengi, kwamba gia ya wimbi yenye kikombe cha chuma huipenda kazi ya kupunguza mwendo mara 100 au 160, na ni nadra kuikuta ikiwa na uwiano ulio chini ya 30.

Ni lazima niongeze kwamba namba hizo ni za ukuta laini usio na meno. Kwenye shina la jino, pale jino linapoota kutoka ukutani, mkazo hujikusanya kama maji yanavyojikusanya kwenye kona ya mfereji, na mara nyingi hufika mara mbili ya ule wa hesabu au kupita. Juu yake kuna mkazo wa kusokotwa unaoletwa na mzigo wenyewe.

Angalia pia kwamba unene umo katika hesabu hiyo upande wa kuzidisha. Ukuta mnene una mkazo mkubwa zaidi. Hili nililijifunza kwa kupoteza. Kikombe cha kwanza tulichokikereza katika karakana niliyokuwa nikifanya kazi kilikuwa cha meno 100, na kwa kuuogopa ukuta wa milimita 0.6 tuliuacha uwe milimita 1, tukiamini tunajiwekea akiba. Chuma kilikuwa EN8, shafti ya kawaida yenye kaboni ya karibu asilimia 0.4. Tulikiendesha kwa mota ya mizunguko 1,500 kwa dakika, bila mzigo wa maana, na baada ya muda wa saa tatu hivi mlio ulibadilika, ukawa kama kofi dogo linalorudiwarudiwa. Nilipokitoa niliona ufa mwembamba kama unywele, ukianzia kati ya meno mawili na kuteremka ukutani. Tulikivunja kabisa ili tuone ndani. Chini ya kioo cha kukuzia, uso wa ufa ulikuwa na mistari iliyopindana, mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayoachwa kwenye mchanga na maji yanapokupwa, na mistari yote ilizunguka nukta moja: mchirizi ulioachwa na kikataji kwenye shina la jino. Kwa hesabu, mkazo wa ukuta ule ulikuwa megapaskali 206, na kwenye shina la jino ukipita 400. Kikombe kilikuwa kimenyumbuka mara 540,000 hivi.

Kifo cha namna hiyo kinaitwa uchovu wa chuma, na mtu wa kwanza kukipima kwa mpango alikuwa mhandisi wa reli wa Ujerumani, August Wöhler, katika miaka ya 1850 na 1860. Ekseli za mabehewa zilikuwa zikikatika kwa mizigo ambayo zingeibeba bila taabu kama ingewekwa mara moja tu. Wöhler alionyesha kwamba kinachoua ni kupanda na kushuka kwa mkazo, na kwamba chuma kina kiwango cha mkazo ambacho, usipokivuka, hakikatiki hata ukikirudia mara nyingi mno. Ukiichora habari hiyo kwenye grafu, mkazo ukiwa wima na idadi ya marudio yake ikiwa mlalo, mstari huteremka, kisha hulala mahali fulani kati ya marudio milioni 1 na milioni 10. Kikombe chetu ni lazima kiishi chini ya mstari uliolala, kwa sababu marudio milioni 10 kwake ni kazi ya siku chache.

Kwa kipande kidogo kilichong'arishwa vizuri, kiwango hicho ni karibu nusu ya nguvu inayohitajika kukivuta chuma hadi kikatike. Chuma laini kinachokatika kwa megapaskali 400 kina kiwango cha 200, na EN8 isiyokazwa, inayokatika kwa 600 hivi, ina 300. Kipande kilichotoka kwenye mashine bila kung'arishwa hupungukiwa, na robo au theluthi ya kiwango hicho inaweza kutoweka kwa michirizi tu. Linganisha na shina la jino la kikombe cha meno 100, ambalo hata kwa ukuta sahihi wa milimita 0.6 linabeba karibu 250, nawe utaona kwamba chuma laini hakina nafasi na EN8 iko ukingoni.

Chuma ninachokipendekeza, na ambacho viwanda vingi vya gia hizi vinatumia au vinatumia ndugu yake, ni kile kinachouzwa kwetu kwa namba ya Kiingereza ya EN24. Wamarekani wana 4340, Wajapani SNCM439, na Wajerumani 34CrNiMo6, ambazo hazilingani kwa kila tone lakini ni za ukoo mmoja. Katika 4340 mna kaboni ya asilimia 0.38 hadi 0.43, nikeli ya 1.65 hadi 2.00, kromu ya 0.70 hadi 0.90 na molibdeni ya 0.20 hadi 0.30. Kaboni hukipa ugumu. Nikeli hukipa ushupavu, yaani uwezo wa kuvumilia mkwaruzo bila kupasuka ghafla. Kromu na molibdeni hufanya kikubali kukazwa kwa mafuta, ambayo hupoza polepole kuliko maji na hukiacha kikombe kikiwa na umbo la kikombe.

Kwa karakana ndogo uamuzi wangu ni mwepesi: nunua EN24T, ambayo huletwa ikiwa imekwisha kukazwa na kutulizwa (yaani kupashwa moto tena kwa kiasi ili isivunjike kirahisi) kiwandani hadi nguvu ya megapaskali 850 hadi 1,000, uikereze na kuikata meno kwa visu vya kabaidi, wala usiirudishe kwenye moto tena. Kiwango chake cha uchovu ni zaidi ya 400 kikiwa kimeng'arishwa. Akiba hiyo si kubwa kwa kikombe cha meno 100, lakini ni ya kweli, na kwa kikombe cha meno 200 ni tele. Mwenye tanuru linalodhibitiwa anaweza kwenda mbele hadi ugumu wa 36 hadi 40 kwa kipimo cha Rockwell C, ambapo nguvu hufika kati ya 1,100 na 1,250.

Hapa ndipo ninapoulizwa kuhusu springi za lori. Katika mitaa ya mafundi ya Gerezani, Dar es Salaam, na Kamukunji, Nairobi, springi kuukuu huzaliwa upya kuwa mapanga na patasi, na ni chuma kizuri kwa kazi hiyo. Kwa kikombe kinachonyumbuka sikikubali. Springi iliyotupwa imekwisha kutumia sehemu ya uhai wake barabarani, na ngozi yake imejaa vishimo vya kutu na nyufa changa ambazo jicho halizioni. Ni bamba, kwa hiyo ni lazima ilainishwe, ifuliwe upya, ikerezwe, kisha ikazwe tena ikiwa tayari na ukuta wa milimita 0.6, na ukuta wa namna hiyo ukizamishwa kwenye mafuta hupinda. Hata baa mpya ya chuma cha springi, yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, inasamehe mikwaruzo kidogo kuliko EN24, na shina la jino ni mkwaruzo ambao hatuwezi kuukwepa.

Upande wa pili wa soko kuna chuma cha marejini, chenye nikeli ya asilimia 18 pamoja na kobalti, molibdeni na titani kidogo. Hukerezwa kikiwa laini kiasi, kisha hupashwa nyuzi 480 za Selsiasi kwa saa chache bila kuzamishwa popote, nacho hupanda hadi megapaskali 2,000 karibu bila kupinda. Ni mali ya kuvutia, lakini bei yake ni ya kutisha, na ile kanuni ya nusu huishia kwenye nguvu ya 1,400 hivi: juu ya hapo nguvu ya kuvutwa inapanda na kiwango cha uchovu hakiifuati. Mtengenezaji wa setilaiti ana sababu ya kukilipia.

Kwa mashine itakayokaa karibu na bahari, swali la kutu si la urembo. Kishimo kimoja cha kutu ni mwanzo wa ufa, na chuma kinachonyumbuka kikiwa kimelowa chumvi hupoteza ule mstari uliolala kwenye grafu ya Wöhler. Jibu la haraka la wengi ni chuma kisichoshika kutu cha 304, kile cha masufuria na masinki, nalo si zuri, kwa kuwa ni laini na meno yake yakisuguana hushikana na kuchunana. Vinavyofaa ni 17-4PH na 15-5PH, ambavyo hukazwa kwa kupashwa moto wa wastani, na gia za wimbi za vyombo vya anga zimetengenezwa kwa chuma cha jamii hiyo. Asiyevipata na atumie EN24 ndani ya boksi lililozibwa vizuri, na grisi isikauke.

Baada ya jina la chuma, kilichobaki ni ngozi yake, na mimi naipa ngozi uzito sawa na jina. Mkazo wa kunyumbuka ni mkubwa kabisa kwenye uso na ni sufuri katikati ya ukuta. Chuma kilichopashwa moto kwenye tanuru la wazi hupoteza kaboni ya tabaka la juu, na tabaka hilo laini ndilo linalopewa kazi nzito kuliko zote. Kikulacho ki nguoni mwako: kipimo cha ugumu kinaweza kusoma vizuri, na ufa ukaanzia katika ngozi iliyokufa. Kwa hiyo acha nyama ya kutosha kabla ya moto, uiondoe baada ya moto.

Michirizi ina mwelekeo, na mwelekeo huo una maana. Kwenye mdomo wa kikombe mkazo unakwenda kuuzunguka mduara, kwa hiyo michirizi ya leti inayozunguka vilevile haina madhara makubwa. Ile inayoteremka kutoka mdomoni kwenda kwenye kitako ndiyo adui, na shina la jino limelala hivyo hivyo kwa maumbile yake. Lipe mviringo mkubwa kadiri meno ya pete yanavyoruhusu, kisha ling'arishe kwa mkono. Kwenye kona ya kitako hesabu hugeuka, kwa maana ukuta huko hupinda kwa urefu wake, na mchirizi wa leti huko ni hatari.

Baa ya chuma nayo ina nyuzi zake. Ikiviringishwa kiwandani, vijitakataka vilivyomo ndani, hasa vya salfa, hurefushwa kama punje za mchele zilizolala kuifuata baa. Kikombe kikikerezwa kutoka kwenye baa hiyo, punje hizo husimama ukutani zikielekea kitakoni, na mkazo wa mdomo unazivuta kwa ubavu. Ndiyo sababu chuma kilichotiwa salfa au risasi ili kikatike kirahisi kwenye mashine hakifai kabisa hapa, hata kikiwa na nguvu iliyoandikwa kwenye cheti, na ndiyo sababu wanaohitaji maisha marefu hununua chuma kilichoyeyushwa mara ya pili katika ombwe, au hufua kipande kwanza ili nyuzi zifuate umbo la kikombe.

Kuna viwanda vinavyopiga uso wa kikombe kwa vishanga vidogo vya chuma ili ngozi ibaki imebanwa, na vingine hutia nitrojeni kwa kina kidogo. Yote mawili yanasaidia. Kutia kaboni, kunakofaa gia nene, hakufai ukuta wa milimita 0.6, maana ugumu utaupenya wote na kikombe kitavunjika kama kigae. Anayepaka kromu ngumu ajue kwamba hidrojeni ya kwenye beseni huingia ndani ya chuma na kukifanya kivunjike, hivyo ni lazima akipashe nyuzi 190 hadi 200 kwa saa kadhaa mara tu baada ya kukipaka.

Onyo la mwisho la moto ni kwa mafundi wa springi, ambao hukituliza chuma kwa kuitazama rangi na kuusimamisha moto ikifika bluu. Bluu ni karibu nyuzi 300. Kwa EN24 eneo la nyuzi 250 hadi 370 ndilo ambamo ushupavu huanguka, hata kama ugumu unaonekana wa kuridhisha. Kitulizwe juu zaidi, kuanzia nyuzi 500, ambako rangi haisaidii tena na kipimajoto kinahitajika.

Kikombe chetu cha pili kilikuwa EN24T, ukuta wa milimita 0.6, mashina ya meno yameng'arishwa kwa uzi uliopakwa unga wa kusugulia. Baada ya saa 56, yaani mara milioni 10 kwa mota ile ile, tulikipaka rangi nyekundu ya kukagulia nyufa, tukakifuta, tukanyunyiza unga mweupe na kusubiri. Hakuna mstari uliojitokeza. Meno yake yalikuwa yameng'aa upande mmoja wa mdomo kuliko mwingine, na hilo lilikuwa kosa la kizalisha wimbi kilichokaa upande, ambalo chuma hakina lawama nalo.